Mzee hataki iguswe, kaka anataka injini ing'olewe: hii 504 nianzie wapi?

Shikamoo mjomba,

Naomba niende moja kwa moja kwenye ishu maana imeanza kuleta maneno ndani ya familia. Mzee wangu ana Peugeot 504 saluni ya mwaka 1977, injini ya 2.0 petroli, kabureta, gia za mkono. Ndo gari tuliyokulia, wote tumebanana kwenye siti ya nyuma ya hiyo gari mpaka magoti yakagoma kuingia. Baadae ikaanza kuchemsha, akampa fundi mmoja aiangalie, yule fundi akafungua fungua vitu afu akapotea, mzee akasema ataimalizia mwenyewe akipata nafasi, unajua wazee wetu, ikapakiwa pembeni ya nyumba na turubai juu, ikakaa, ikakaa, panya wakahamia humo. Sasa juzi kanipa funguo kasema we si ndo unapenda magari, haya ichukue, ila usiniharibie.

Hapo ndo shida ilipoanza. Kaka yangu mkubwa ni fundi, anatengeneza haya magari ya siku hizi na yuko vizuri kwakweli, alivyofunua boneti tu akasema hii injini ni chuma chakavu, ing'olewe tuweke ya Toyota ya 2.0 yenye EFI (ile inayopuliza petroli kwa umeme badala ya kabureta) pamoja na giaboksi yake, tumemaliza kesi. Mzee hakumjibu kitu, ila baadae akamwambia mama kama mambo yenyewe ndo hayo bora funguo zirudi. Mimi niko katikati. Kaka namheshimu, mzee namheshimu, na gari naitaka.

Mimi ninachotaka ibaki 504 ila niweze kuiendesha kila siku bila kusali kila kona. Nimewaza breki nzuri zaidi, taa za LED, feni ya umeme, distribyuta ya elektroniki, na rimu pana kidogo ili isimame vizuri. Pia nishaongea na mtu wa rangi, yuko tayari hata kesho, nikawa nafikiri nianze na rangi ili mzee akiiona inang'aa apate moyo na kaka aache kuiita chakavu. Bodi kwa macho haijaoza sana, kuna malengelenge ya kutu chini ya milango na kona za sakafu, ila kapeti upande wa dereva ina unyevu muda wote.

Kazi naifanyia nyumbani. Nina seti nzima ya spana, jeki, grainda, na mashine ya kuchomelea ya vijiti ambayo nimeitumia sana kwenye mageti. Silinda hedi iko juu bado haijaguswa, vilivyotolewa ni kabureta, rejeta, altaneta na kalipa za breki za mbele, viko kwenye maboksi, afu bolti zote kazitupia kwenye ndoo moja.

Nianzie wapi mjomba? Na kaka nimwambieje?

Ni mimi, Mwenye Ndoo ya Bolti


Marahaba mpwa wangu,

Nianze na injini maana ndo inawagombanisha, na kusema ukweli hapo kuna watu wawili wanabishana kuhusu injini ambayo hakuna aliyeipima. Kaka yako kaiona ilivyojaa vumbi, mzee anaikumbuka ilivyokuwa inavuta, wote wanaongea kwa hisia tu. We lete namba mezani ndo muongee.

Ila kabla ya namba kuna kitu ambacho kaka yako pengine hajakiangalia, na simlaumu, magari anayoshika yeye kila siku hayajatengenezwa hivi. Ingia chini ya hiyo 504 (ikiwa imekaa kwenye stendi, sio kwenye jeki, na hili sitaki ubishi kabisa) uangalie kuanzia giaboksi kwenda nyuma. Hutaona propela shafti (ile inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma) ikiwa wazi. Utaona bomba nene limefungwa kwa bolti nyuma ya giaboksi linaenda mpaka kwenye difu, na shafti yenyewe inazunguka humo ndani ya bomba. Yani giaboksi, bomba na difu vimeshikana kitu kimoja, vinategemeana. Sasa ukiweka giaboksi ya Toyota hilo bomba halina tena pa kushika, kwahiyo utatengeneza propela mpya, utaitafutia difu namna nyingine ya kushikiliwa isije ikajipindua ukikanyaga mafuta, utatengeneza maunti (vishikizi vya injini) mpya kwa sababu injini ya 504 imelazwa ubavu digrii 45 na kila kitu pale mbele kimepangwa kufuata huo mlalo, hapo hujafika kwenye waya za EFI, pampu ya petroli ya presha na laini ya kurudisha mafuta kwenye tenki, ekzosi, kebo ya spidi. Na nchi nyingi namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwahiyo kuna safari ya makaratasi pia. Watu wamefanya na zinatembea, sikatai, ila usimruhusu mtu akuambie ni kazi ya wikiendi. Asilimia kubwa ya magari ya zamani ninayoyaona yamekufia gereji yamefia hapohapo, injini mpya imekaa ndani kwa maunti za muda, mwenyewe kachoka.

Na hiyo "chakavu" sio injini ya kudharau. Ni cc 1971, pistoni ya mm 88 inatembea mm 81, bloku ya chuma, hedi ya aluminiamu, camshafti iko chini inazungushwa na cheni kwahiyo hakuna beliti ya taimingi ya kukukatikia njiani. 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 Ove Andersson akiwa kwenye usukani, najua ile iliandaliwa na kiwanda haikuwa ya kupeleka watoto shule, lakini gari mbovu kimsingi huwezi kuiandaa ikamaliza barabara zile.

Haya, namba sasa. Toa plagi zote nne. Mimina oili kidogo kila tundu, kijiko kikubwa kimoja kinatosha, iache ilale angalau usiku kucha ishuke kwenye ringi. Gia iwe huru, afu shika spana kwenye nati kubwa ya puli ya mbele uzungushe kwa mkono taratibu. Kwa mkono, sio kwa stata. Ikigoma usining'inie kwenye spana wala usitafute bomba la kurefushia, ongeza oili usubiri tena siku kadhaa, ringi zilizoshikwa na kutu ukizilazimisha zinavunjika na unakuwa umempa kaka yako ushindi wa bure. Ikizunguka raundi kamili mbili bila kugonga popote, mwaga oili ya zamani (iangalie rangi, ikiwa kama maziwa ya chai maji yameingia), weka oili mpya na filta mpya, funga betri nzima, piga stata plagi zikiwa bado nje mpaka taa ya oili izime. Hapo ndo ufunge geji ya kompresheni, ile inayoonyesha kila silinda inabana hewa kwa presha kiasi gani.

Kwa vile kabureta iko kwenye boksi njia ya hewa iko wazi tayari, we funika manifoldi kwa kipande cha wavu isije ikavuta nati. Piga stata kila silinda mpaka sindano iache kupanda, andika. Usihangaike sana na ukubwa wa namba yenyewe maana injini ni ya baridi na imekaa, angalia zinavyofanana, zikipishana ndani ya asilimia 10 hivi uko pazuri. Ikitokea moja iko chini mimina oili kidogo kwenye hiyo silinda upime tena, ikipanda ringi zimechoka, isipopanda shida iko kwenye valvu au gasketi. Zikiwa chini mbili zinazofuatana, na ukichukulia gari iliachwa kwa sababu ya kuchemsha, mimi pesa yangu naiweka kwenye gasketi ya hedi.

Hiyo siku ya kupima waite wote wawili. Kaka apige stata, mzee asome geji, we andika. Kaka yako kwenye namba hawezi kubisha, ni fundi huyo, anajua geji inamaanisha nini. Na mzee akiona mwenyewe silinda mbili zimelala hatasema tena usiguse, atasema fungua. Nikikuandikia maneno ya kumwambia kaka hayatakuwa na nguvu kuliko hiyo sindano.

Sasa ikibidi kufungua hedi tulia hapa, maana hapa ndo mafundi wazuri wa magari mengine wanaiua hii injini. Slivu za 504, yani zile silinda pistoni zinamotembea, hazijachongwa kwenye bloku, zimedumbukizwa, maji yanazizunguka kwa nje, na chini zimekalia sili nyembamba. Kinachozibana zisicheze ni hedi peke yake. Ukishaitoa hedi afu mtu akazungusha injini "aone pistoni zinavyotembea", slivu inanyanyuka na pistoni, sili ya chini inaachia, uchafu unaingia pale, na hata ukirudisha kila kitu kwa usafi maji yatashuka kwenye sampu, kule chini inakokaa oili. Kwahiyo ukitoa hedi, na uitoe kwa upole bila kuinyakua juu kama unang'oa jino kwa sababu gasketi inaweza kuwa imeng'ang'ana na slivu, papo hapo funga slivu kwa washa pana na bolti kwenye matundu ya hedi. Kisha peleka hedi ikapimwe kama imejipinda, gari iliyochemsha hedi ya aluminiamu huwa inajipinda. Na ikirudi ukaunga gari usijaze maji ya bomba matupu, weka kulanti, aluminiamu na chuma kwenye maji matupu vinalana.

Tukitoka hapo nikushike kidogo kwenye rangi. Mtu wa rangi mwambie asubiri, na akisema bei yake ni ya wiki hii tu mwache aende. Rangi inakuja mwisho. Utakuwa unachomelea, cheche zinaruka, breki fluidi ikidondoka kwenye rangi inaivua, injini inapita juu ya fenda ikitolewa na kurudishwa, afu ukishapaka ukaja kugundua kizingiti kimeoza utaikata rangi mpya na moyo wako pamoja. Yale malengelenge unayoyaona yana maana kutu inatokea ndani kuja nje, ukiona lengelenge dogo kwa juu jua kwa ndani bati limeshaliwa eneo kubwa zaidi.

504 yako haina chesisi ya peke yake, bodi ndo chesisi. Vile vizingiti vinavyopita chini ya milango ni mifupa yake. Chukua bisibisi ya zamani na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Sumaku pitisha juu ya rangi taratibu, pale inapoacha kuvuta kuna puti nene na chini ya puti kuna siri ya mtu. Bisibisi choma kwa nguvu kwenye vizingiti kwa chini, sehemu za kuwekea jeki, kona za sakafu, pale mikanda ya siti inapofungwa, na ufungue boneti uangalie pale juu shokapu za mbele zinaposhikilia kwenye bodi. Usione huruma. Bisibisi ikizama hapo pangekuachia barabarani siku moja. Hapo kwenye shokapu za mbele na kwenye mikanda nisingekubali kiraka cha juujuu hata kidogo, unakata mpaka ukutane na bati linalong'aa ndo unaunga.

Ile kapeti ya dereva umenipa jibu mwenyewe bila kujua. Rejeta iko kwenye boksi, kwahiyo mfumo hauna maji, kwahiyo hita haivuji. Ni mvua inaingia. Mwagia maji kwa mpira taratibu sehemu moja baada ya nyingine, mtu akiwa ndani na tochi: kioo cha mbele na mpira wake, matundu ya kupitisha maji chini ya wipa (panya na majani wanapenda kuyaziba), na kama ina dirisha la paa angalia vimirija vya kona zake vinavyoshusha maji. Tafuta hilo tundu kwanza. Ukibadilisha sakafu kabla ya kuziba maji utakuwa unajenga sakafu ya kuoza.

Mashine yako ya vijiti iache kwenye mageti. Bati la bodi liko kwenye mm 0.8 mpaka 1 hivi, kijiti kitatoboa matundu hata mkono uwe mzuri vipi. Azima au kodi mashine ya MIG yenye waya wa mm 0.6 na gesi, fanya mazoezi kwenye boneti chakavu la kutupa mpaka uache kutoboa. Unachoma nukta moja hapa, unaruka unachoma kule, unarudi, ukiburuza mstari mrefu bati linapata joto linajikunja. Na kizingiti usikate pande zote mbili kwa mkupuo. Gari ikae sawa, uzito wake ushikiliwe inavyotakiwa, chomelea kwa muda vyuma vya kukaza kwenye uwazi wa milango, pima mwanya wa mlango juu na chini uandike kwenye masking tepu palepale, kata upande mmoja, unga, jaribu mlango unafunga, ndo uhamie wa pili. Nimeona 504 ambayo milango ya nyuma haifungi mpaka leo kwa sababu mtu alikuwa na haraka. Ukimaliza nyunyizia nta ya kuzuia kutu ndani ya vizingiti, sio nje tu, ndani.

Kabla ya cheche yoyote, kapeti nje, betri nje, altaneta kwako tayari iko nje vizuri, tenki la petroli nje kabisa ya eneo la kazi, mtungi wa kuzimia moto karibu na mkono. Tenki usilichomelee hata likiwa tupu, tupu ndo baya zaidi kwa sababu limejaa mvuke. Kuna kitu wengi hawakijui: bati ulilolisafisha kwa dawa ya breki yenye klorini usilichomelee, ule moshi unaweza kukuondoa, tumia asetoni na uiache ikauke kabisa. Na ukisaga rangi ya zamani vaa maski ya maana maana rangi za miaka hiyo zinaweza kuwa na risasi ndani yake.

Breki sasa, na hapa ndo nataka uweke pesa za mwanzo kabla ya kitu chochote cha kupendeza. We unaongelea breki nzuri zaidi, ila 504 mbele ilitoka kiwandani na diski tayari, zako tatizo lake ni umri. Fungua kalipa uangalie pistoni zake, zikiwa na vishimo vya kutu badilisha. Masta silinda sili mpya au nzima mpya. Mipira ya breki yote bila kujadili, hata ikionekana mizuri kwa nje, kwa ndani inavimba inakuwa kama valvu: ukikanyaga fluidi inapita, ukiachia hairudi, gurudumu linabaki limeshika na gari inavuta upande mmoja, watu wanabadilisha kalipa mara tatu na shida ilikuwa mpira. Vibomba vya chuma vikiwa na kutu weka vya kopa na nikeli, vinakunjika kwa mkono na havioti kutu. Fluidi ya DOT 4, na usije ukachanganya na DOT 5 ambayo ni ya silikoni. Na lile vumbi la breki na klachi za zamani usilipulize kwa kompresa wala mdomo, lainingi za miaka hiyo zilikuwa na asbesto, lowanisha upanguse kwa kitambaa ukitupe. Ukifanya haya yote ukaliendesha, ndo uje uniambie bado breki hazitoshi. Sidhani.

Kwenye orodha yako nakubaliana na distribyuta ya elektroniki kwa mikono miwili. Pointi (vile vibati vya distribyuta vinavyogusana na kuachana ili plagi zipate moto) zikiisha gari inakosa nguvu polepole huoni, ukiweka moduli ndani ya distribyuta ileile kwa nje haionekani na mzee hatajua. Pima koili kwanza kwa mita, ile isiyotumia rezista ya nje huwa kwenye om 3 hivi, ya rezista ni kama nusu yake, nunua moduli inayoendana nayo. Pointi na kondensa za zamani weka kwenye kiboksi cha dashibodi, ikifa usiku unarudishia unaenda nyumbani.

Taa za LED hapana. Rifleka ya taa zako imechorwa kufuata nyuzi ya balbu ilipokaa, ukiweka LED mwanga unatawanyika, we unaona mweupe karibu na bampa halafu anayekuja mbele yako haoni chochote isipokuwa jua, na nchi nyingi ni kosa kisheria. Tatizo la taa hafifu kwenye magari haya ni umeme. Balbu mbili za wati 55 zinavuta ampea 9 hivi, na zote zinapita kwenye swichi ya usukani na waya wa miaka karibu 50 ndo zifike mbele. Washa taa afu pima volti kwenye betri, pima kwenye balbu yenyewe. Ukipoteza volti 1 tu njiani umeshapoteza karibu robo ya mwanga. Weka relei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo) na fyuzi karibu na taa, waya mnene kutoka betri, swichi ya zamani ibaki inaamsha relei tu. Nakuahidi utafikiri umebadilisha taa. Kwa vile panya waliishi humo, waya zote utazipitia mkono kwa mkono, zilizotafunwa usizungushie tepu, kata uunge upya.

Feni ya umeme usinunue bado, kwa sababu, na hii kaka yako ataipenda, Peugeot waliliwaza hilo mapema sana. Feni yako ina sumaku ya umeme katikati, maji yakipata joto swichi kwenye rejeta inaipa umeme sumaku inashika, yakipoa inaachia. Ndani kuna kaboni ndogo inayosugua, ikiisha feni haishiki na gari inachemsha kwenye foleni tu, ikitembea inapoa. Muulize mzee ilikuwa inachemsha wapi, foleni au mwendo? Akisema foleni inawezekana gari nzima iliegeshwa kwa sababu ya kaboni ya ukubwa wa ncha ya kidole. Akisema popote, basi rejeta imeziba au ile gasketi.

Rimu pana pia ziache, usukani unakuwa mzito na bearingi za magurudumu zinalia mapema. Tafuta matairi mapya ya 175 R14, saizi yake, na hata kama yaliyopo yana kashata nzuri soma namba nne za mwisho kwenye yale maandishi ya DOT ubavuni, 2314 ina maana wiki ya 23 mwaka 2014, tairi la umri huo ni mapambo. Pesa ya rimu nunulia mikanda mizuri ya siti.

Ndoo ya bolti mwaga juu ya turubai, zipange kwa unene na urefu, na ujue Wafaransa wa zamani wana tabia ya kutumia bolti za M7, kwahiyo ukikutana na bolti inayoingia kwa kulegea usitafute ya M8 uilazimishe, utavua uzi kwenye aluminiamu. Kuanzia sasa kila unachofungua piga picha kwanza, bolti zake kwenye mfuko, andika jina juu ya mfuko.

Unataka kumpa mzee moyo? Unga rejeta, kabureta baada ya kuiosha, petroli mpya kutoka kwenye galoni pembeni, usitumie ile ya tenki, mipira ya petroli yote mipya, na uiwashe ikiwa bado na kutu yake na puti zake. Ile sauti itafanya kazi zaidi ya rangi. Rangi yenyewe zikifika siku zake usipige ile ya kuchanganya na hadena pale nyumbani kwa maski ya kitambaa, ina sumu inayoua mapafu, hiyo mpe mtu mwenye chumba cha rangi na maski inayoletewa hewa safi kwa mpira.

Ukishapima kompresheni niandikie namba zote nne, zilivyokuwa kabla na baada ya kuongeza oili, pamoja na mzee alivyojibu kuhusu foleni. Ukiweza nipigie picha ya hiyo kaboni ya feni pia.

Mjomba wako